Shangazi Niliyemzika Siku ya Mbio

Nianze na upumbavu wangu, maana ukifichwa unanuka. Mwaka jana, mwezi wa saba, nilimuua shangazi wa marehemu mume wangu. Shangazi mwenyewe hakuwahi kuzaliwa. Nilimuumba getini asubuhi, khanga begani na mswaki mdomoni, na kabla sijatema povu alikuwa amekwisha kukata roho.

Ilikuwa hivi. Kombi ya shule ilisimama mbele ya nyumba yetu hapa Malvern, Johannesburg, injini inakohoa kwa baridi, na binti yangu, kitinda mimba, anapakia begi lake. Alikuwa anakwenda kaskazini, Limpopo, kwenye michezo ya kitaifa ya majira ya baridi ya vijana wa shule. Huko hukusanyika watoto wa majimbo yote: wa mpira wa miguu, wa netiboli, wa magongo, wa sataranji, hata wa kuruka kamba, kwa kuwa nchi hii kuruka kamba kuna refa na medali, si mchezo wa kusubiria maji yachemke. Yeye alikuwa wa mbio za nyika, zile za kukimbia kwenye majani na vilima badala ya uwanja wa duara. Basi jirani yangu Mkongomani, anayeuza machungwa Barabara ya Jules, akachomoza kichwa juu ya ukuta akauliza mtoto anakwenda wapi na begi kubwa namna ile. Mtu mwenye akili zake angejibu anakwenda kukimbia. Mimi nikasema anakwenda msibani. Nani amefariki? Shangazi wa baba yake. Wapi? Kaskazini huko.

Hata leo najiuliza kwa nini msiba. Ningeweza kusema anakwenda kwa dada yake Durban, na lingepita. Lakini mdomo ukiwa na haraka ya kuficha huokota kitu cha kwanza unachokikanyaga, na kitu kilichotapakaa nyumbani kwangu siku zile kilikuwa ni msiba.

Ya kuficha nitayaeleza, ingawa najua vijana watacheka. Nilikokulia, Morogoro, jambo la heri lilifunikwa kama sufuria ya wali: ukifunua kabla ya wakati, mvuke unakwenda zake na wali unabaki na kiini. Mimba haitangazwi. Safari haitangazwi. Mama yangu akinunua kitenge kipya alikuwa anakifua kwanza, mara mbili tatu, ndipo akivae, watu wasikione kipya. Mume wangu alikuwa ananicheka kwa hayo mpaka anakaa chini. Kwao ni Soweto, na Soweto mtu akipata kazi mtaa mzima unapiga vigelegele jioni ile ile. Sasa mwaka juzi alirudi kutoka hospitali, daktari amemwambia moyo wake umetulia. Akaitembea barabara yote kutangaza, kuanzia kwa fundi viatu mpaka duka la Msomali pale kwenye kona, anajigonga kifua kama mtu anayeuza ngoma. Mwezi haukuisha, tukamzika.

Najua moyo wa mtu hausimamishwi na kijicho cha fundi viatu. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Picha ya moyo nimeichora mwenyewe kwenye daftari la baiolojia, na vali zake zote, na mwalimu akaweka vema. Lakini kujua ni kujua. Kufungua mdomo tena na kusema mtoto wangu amechaguliwa kukimbia kitaifa, hapo daftari la baiolojia halikunisaidia.

Kuna jambo jingine la kukiri, ila hili si siri kwa mtu yeyote anayenijua: mimi ni mtu wa kukaa. Mume wangu alikuwa mtu wa njia, mimi mtu wa kiti. Nilimkuta Morogoro, kijana wa ukimbizini kutoka Afrika Kusini anayesubiri nchi yake ifunguke, na ilipofunguka nikamfuata huku. Hiyo ndiyo safari niliyowahi kusafiri, na niliiona inatosha. Tangu hapo ziara zangu ni jikoni, getini, na kwa Msomali. Mtaa wa pili, Troyeville, uko hapo tu, ukipiga chafya wanakuombea afya, lakini naujua kwa kusimuliwa. Wanangu wakubwa walikuwa wakisema baba akihamisha nyumba itabidi anichimbue na udongo wangu kama ua la kopo.

Kwa hiyo mbio za mtoto zilikuwa kazi ya baba yake. Na alikuwa na namna yake ya kuifanya.

Katika mbio za nyika, alinieleza, kuna mahali ambapo watoto huvunjika. Si mwanzoni, wala si mwishoni kwenye kamba na makofi. Ni kwenye mwinuko wa mwisho, pale miguu imekwisha na mwisho wenyewe hauonekani. Wazazi hawakai pale kwa sababu hakuna cha kuona. Yeye alikuwa anabeba kiti chake cha kukunja, anawaacha wenzake na flaski zao za chai, anakwenda kukaa peke yake kwenye mwinuko, upande wa kushoto. Binti akitokea, anasimama na kumwita kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha kuokota sokoni Morogoro, chenye kugonga kama mtu anayepigilia misumari: "Kaza, mama! Kaza!"

Mama akiwa ni yeye binti, kama tunavyowaita wetu. Pande zote watu walikuwa wanapiga kelele kwa Kizulu, kwa Kisotho, kwa Kiingereza, na katika kelele zote zile Kiswahili kilikuwa kimoja. Mtoto hakuhitaji kutazama. Alijua sauti ile haikuwa inamwita mtoto wa mtu mwingine.

Yeye mwenyewe Kiswahili anakielewa chote, hata ninapomsengenya kwa dada yake kwenye simu, lakini hunijibu kwa Kiingereza. Kiswahili chake anakiweka kama sahani za wageni, juu kabatini. Ndiyo maana siku aliyoambiwa amechaguliwa, alipoingia jikoni na kuanza kusema kwa Kiswahili, niliacha kukatakata vitunguu.

"Mama, uje. Usimame kwa kilima. Useme ile ya Baba."

Nikafanya mzaha. Nilimwambia sauti yangu hata paka wa jirani haiogopi, na kwamba nikifika Limpopo watanirudisha mpakani wakidhani nimekimbia nyumba. Hakucheka. Aliendelea kwa Kiingereza, ananitazama mikono, kwamba tangu baba aondoke amekuwa akipanda vilima vile kimya kimya na amechoka, na kama kule nako atakuta hakuna mtu, basi hajui anakimbilia nini tena. Nikasema hayo ni maneno ya utoto. Halafu nikasema nitakuja. Niliapa kwa jina la baba yake, na katika nyumba yetu hicho si kiapo cha kuchezea.

Na nilikusudia kwenda, naomba muniamini. Nilimpakia begi kwa bidii ya mama anayempeleka mwana kwenye theluji: majaketi mawili, blanketi, kofia ya sufu ya kuziba masikio. Michezo ya baridi, nilifikiri, lazima iwe na baridi. Mwalimu wake wa mbio alilinyanyua begi, akaniuliza kwa adabu kama kuna jiwe ndani. Kumbe Limpopo mwezi wa saba mchana watoto wanakimbia na fulana. Baridi ni ya kwetu sisi Johannesburg, ambako majani huamka meupe na bomba la uani linaganda. Mimi niliyezaliwa kaskazini ya hiyo kaskazini nilisahau kabisa kwamba upande ule ndiko jua linakokaa.

Wiki ile yote nilifanya mazoezi. Yeye kule alikuwa anafanya ya miguu, mimi huku ya sauti. Nilikuwa nafungua bomba la jikoni kwa nguvu ili majirani wasisikie, nashika ukingo wa sinki, naziambia sufuria, "Kaza, mama!" Mara ya kwanza ilitoka kama mtu anayeomba chumvi. Kufikia Alhamisi ilikuwa imeanza kuwa na misumari. Binti alikuwa ananitumia picha za waruka kamba, miguu yao haionekani kwa kasi, na chini ya kila picha aliandika kitu kimoja: Jumamosi, saa nane mchana. Nilimuuliza mwalimu kwa simu taksi za kaskazini, ambazo huku ndizo daladala, zinapakia wapi mjini, nikaambiwa nifike mapema kabisa. Nilitoa koti la mume wangu kabatini. Kile kiti cha kukunja nikakifuta vumbi, nikakisimamisha nyuma ya mlango.

Ijumaa mchana jirani yangu wa machungwa akaja getini, kofia mkononi. Alikuja kunipa pole. Akaniambia kesho alfajiri anapanda Limpopo na pikapu yake kuchukua mzigo kwa wakulima, kama afanyavyo majira yote ya machungwa, na kwenda huwa anakwenda bila kitu. Kiti cha mbele kipo. Basi anipeleke, nikamzike shangazi yetu, na jioni anirudishe.

Nilikiangalia kiti kile cha pikapu kutoka getini. Alikuwa amekitandika taulo safi, la bluu.

Mpaka leo nikifumba macho naliona taulo lile. Ningesema tu: kaka, hakuna msiba, kuna mtoto anakimbia, nipeleke. Maneno mafupi hivyo. Lakini niliyahesabu yote mawili, aibu ya uongo na hatari ya kulifunua jambo siku moja kabla, nikaona yamenizidi. Nimefunika wiki nzima, nifunue leo? Nikasema ahsante sana kaka, ila magoti yangu hayawezi safari ndefu. Akayatazama magoti yangu kwa huruma kweli kweli, akaniambia nisijali, sitaachwa peke yangu.

Ningekuwa na akili, neno hilo la mwisho lingenishtua.

Wageni wa nchi hii hujifunza mapema kwamba hapa watu huzikwa Jumamosi asubuhi. Kwa Wakongomani, mfiwa aliyeshindwa kwenda kuzika haachwi na kuta. Na kwa mabibi wa mtaa wetu, nyumba yenye msiba ni ya wote. Hayo matatu niliyajua moja moja. Sikuwahi kuyaweka sufuria moja.

Jumamosi jua halijatoka nilikuwa nimevaa. Koti la mume wangu, kilemba, begi dogo lenye chapati na mayai ya kuchemsha, kiti cha kukunja kwapani. Nikafungua mlango, na mlangoni pangu walikuwa wamesimama wanawake, na sufuria kubwa, na vikombe kwenye karai. Mbele yao mke wa jirani yangu, msusi, ambaye mume wake alikuwa ameshaondoka na pikapu. Na pembeni yake bibi wa Kizulu wa nyumba ya ng'ambo, na biblia yake ndani ya mfuko wa plastiki.

Msusi akanitazama toka kilemba mpaka viatu. "Maman," akasema, "na hayo magoti unaenda wapi?"

Nikasema naenda kuwafungulia mlango. Na kiti? Nimewaletea cha kukalia. Akanipokea kiti, akanipokea begi, akashukuru kwa mayai.

Sijui kama umewahi kuona watu wanavyohamisha nyumba yako ukiwa umesimama. Sofa lilitolewa nje, uani. Meza ikafuata. Televisheni ikafunikwa shuka. Godoro langu mwenyewe likaburutwa kutoka chumbani, likalazwa ukutani, mimi nikalazwa, hapana, nikaketishwa juu yake, koti na kilemba vikavuliwa, blanketi likaja mpaka kiunoni. Walikuwa wapole, na mikono yao ilikuwa na joto. Na hapa nisijipambe: sehemu moja ya moyo wangu, ile ya ua la kopo, ilipoliona lile blanketi ilishusha pumzi. Ilisema, basi, huendi tena, si kosa lako. Niliisikia ikisema. Nilitaka kuizaba kofi, na bado nikavuta blanketi.

Walianza kuimba, za kanisani kwao, kwa Kiswahili cha Kongo kinachotembea taratibu. Bibi akaomba kwa Kizulu, sala ndefu, akimtaja marehemu kwa heshima ambayo hata mume wangu hakuipata. Kila nilipojiandaa kusema, mtu alinishika bega, akidhani kilio kinakuja. Niliwaza choo, niliwaza dirisha la choo, nikakumbuka kimo cha dirisha na upana wangu. Taksi za asubuhi zikaondoka kichwani mwangu moja baada ya nyingine.

Ilipokaribia mchana msusi akaniomba nimsimulie marehemu. Kwao ndivyo wanavyofanya, mfiwa asinyamaze na mtu wake ndani. Alikuwa mtu wa namna gani, huyo mama?

Nikaanza kutunga. Nikasema alikuwa mrefu. Nikasema alikuwa anapenda kutembea, hatulii, anamsalimia kila mtu barabarani mpaka chai inapoa nyumbani. Alikuwa anapiga mluzi akinyoa ndevu. Hapo bibi, aliyekuwa akitafsiriwa na msusi, akainua kichwa, lakini sikuweza kuacha. Nikasema alikuwa anasonga ugali mbaya kuliko ugali wote wa Afrika, na anausifia mwenyewe. Alikuwa na kiti cha kukunja. Alikuwa anakwenda nacho mahali ambapo watu wengine hawakai, anamngojea mtoto. Nikasema mtoto anamngoja yeye sasa, na yeye hayupo, na mimi nipo hapa.

Nikalia. Nilikuwa sijalia namna ile hata siku ya kumzika mume wangu mwenyewe, maana siku ile kulikuwa na wageni wa kulisha. Wanawake wakanizunguka, wakanilaza mapajani, msusi akawa ananisuka suka nywele kwa vidole kama mtoto, ananiambia lia, lia yote. Ulikuwa msiba mzuri. Nasema kweli, katika maisha yangu sijawahi kufarijiwa vizuri vile, na ulikuwa uongo mtupu.

Niliinua macho, saa ya jikoni ilikuwa inasema saa nane. Walikuwa wanagawa chai ya maziwa. Nikakishika kikombe kwa mikono miwili, nikasema ndani ya mvuke, bila sauti, Kaza, mama. Maziwa yakatetemeka kidogo.

Waliondoka alasiri, wamenioshea vyombo na kurudisha sofa mahali pasipo pake. Kiti cha kukunja kilikuwa wazi katikati ya sebule. Bibi ndiye aliyekikalia siku nzima.

Simu ilikuwa chini ya godoro. Mwalimu alikuwa amenitumia video, mwenyewe akiwa ameipiga kutoka mbali, mkono unamtikisika. Majani makavu ya rangi ya mkate, jua kali, vumbi. Wasichana wanapita, kundi la mbele, na yeye yumo, wa tatu au wa nne, mabega yametulia kama alivyofundishwa. Halafu mwinuko. Pale kwenye mwinuko akageuza uso kushoto.

Hakuanguka. Hakushika ubavu. Alipunguza tu mwendo, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anakozoea kuitwa, anangoja aitwe. Wenzake wakampita, mmoja, mwingine, kisha kundi zima, na yeye bado anatazama majani ya upande wa kushoto. Kisha akaangalia mbele akaendelea kukimbia, lakini alikuwa anakimbia kama watu wanaokimbilia basi ambalo wameshaliona likiondoka. Mwalimu aliandika kwamba amekimbia vizuri sana mpaka kilima cha mwisho, na akauliza kwa upole kama pengine taksi iliniharibikia njiani.

Nilitazama video ile nikairudia, sauti nimezima, halafu nikaiwasha nikitumaini nitaisikia sauti yangu.

Jumapili kombi ikamleta. Alishuka na begi lake, upande wa majaketi hata zipu ilikuwa haijafunguliwa, amevaa suti ya michezo yenye jina la jimbo mgongoni. Nilikuwa nimepika pilau. Nilikuwa nimeandaa maneno, mazuri mengine. Akanikumbatia kabla sijaanza na akasema kwa Kiingereza kwamba haina neno, anajua mimi si mtu wa kusafiri. Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Hasira ningeiweza, ningeibishia.

Nikapokea begi nikaona jepesi upande mmoja. Nikauliza viatu vya mbio viko wapi, vile vya njano alivyonunuliwa na baba yake.

"Nimempa mwenzangu," akasema, kwa Kiswahili. "Yeye atavitumia."

Kisha akakaa akala pilau, akasifu. Alikuwa na njaa. Ndivyo alivyoacha kukimbia, katikati ya tonge na tonge, na mimi nimeshika mwiko.

Tulikuwa bado mezani jirani yangu wa machungwa alipobisha hodi. Alikuwa na gunia begani, machenza yale ya ngozi nyembamba, ya Limpopo, jani bado likiwa kwenye kikonyo. Akalitua kwenye sakafu ya jikoni akasema hilo ni la msiba, si la kuuza, na nisithubutu kufungua pochi. Akamwona binti, akafurahi, akampa mkono kwa heshima apewayo mtu aliyetoka makaburini, akamuuliza kama walizika salama.

Binti akaniangalia mimi. "Nani amekufa, Mama?"

Sikuwa na pa kwenda. Nyuma yangu sinki, mbele yangu gunia. Nikasema yote. Nilianza na mswaki, na kitenge cha mama yangu kinachofuliwa kikiwa kipya, na fundi viatu, na taulo la bluu, na sofa uani. Niliweka mizaha yangu kila nilipoweza, kwa kuwa jirani huyu hucheka hata kwenye foleni ya polisi, na nilijua akicheka tu nitakuwa nimepona. Binti alikuwa anasikiliza ameshika kijiko. Niliposema la bomba la jikoni na mazoezi, alikiweka chini, akaangalia sinki.

Jirani hakucheka. Alisimama pale, kofia inazunguka mkononi. Akasema, kama anayejisemea, kwamba aliiona ile michezo. Njia ya kwa wakulima inapita jirani na uwanja, kulikuwa na bendera na mabasi ya watoto, akapunguza mwendo, akafungua kioo apate kuona ni sherehe gani. Kilima kilikuwa pale, karibu na ua wa barabara, na hakukuwa na mtu juu yake. Akapandisha kioo akaenda kuchukua machungwa.

Akamtazama binti yangu na ile suti yake ya jimbo. Akavaa kofia. Mlangoni akageuka, na aliniambia mimi, si yeye:

"Gari yangu ilienda tupu, mama. Ulituficha mutoto muzima, ukatupatia maiti."